Kuhamishia kazi za biashara kwenye wingu ukiwa Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga wenye biashara ndogo na za kati: sacco, duka la dawa, kampuni ya kununua kahawa, shule, kiwanda kidogo cha maziwa. Penye hesabu ya fedha tumechukua dola moja kuwa shilingi 3,700. Badilisha kwa kiwango cha siku unayosoma.

Wingu ni nini hasa? Data yangu itakaa wapi?

Itakaa kwenye diski, ndani ya jengo, katika nchi fulani. Wingu ni kompyuta za watu wengine unazokodi kwa saa au kwa mwezi na kuzifikia kwa intaneti. Barua pepe ya kampuni unayoifungua kwenye simu tayari iko huko. Ukilishika hilo, maswali mengine yanakuwa ya kawaida kabisa: jengo liko wapi, umeme wake unatoka wapi, njia ya kulifikia ni ipi, na nani ana ufunguo.

Tunaambiwa wingu ni rafiki wa mazingira. Ni kweli kwa Uganda?

Nusu ni kweli, na nusu ya pili inategemea jenereta yako.

Chukua seva moja ya kawaida kwenye chumba cha nyuma cha ofisi. Inakula wati 200 hivi, mchana na usiku, sikukuu na Jumapili. Kwa mwaka hizo ni yuniti 1,752 za Yaka (umeme wa kulipia kabla), kabla ya kuhesabu kiyoyozi, ambacho kidogo tu chaweza kuvuta wati 800 kompresa inapozunguka. Na muda mwingi seva hiyo haina kazi: saa nane za usiku inamsubiri karani afike asubuhi. Kwenye kituo kikubwa cha data, mashine moja inagawiwa wateja wengi, kwa hiyo kazi yako inabeba kipande kidogo tu cha umeme wake. Ubaridi nao unasimamiwa vizuri zaidi. Vituo vya Google, kwa mfano, kwa kila yuniti inayoingia kwenye kompyuta hutumia takriban 0.1 ya ziada kwa kupoza na mengineyo, ilhali wastani wa vituo vya data duniani ni zaidi ya 0.5.

Hapo ndipo matangazo huishia. Lakini umeme wa gridi ya Uganda kwa sehemu kubwa sana unatokana na maji: Nalubaale na Kiira pale Jinja, Bujagali, Isimba, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024. Umeme wa Afrika Kusini, ambako vituo vingi vya wingu vilivyo karibu nasi vimejengwa, kwa sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe, na kila yuniti inatoa takriban kilo 0.9 za kaboni dioksidi. Yuniti zako 1,752 zikichomwa kule zingetoa zaidi ya tani moja na nusu. Hapa, kutoka kwenye maji, karibu si kitu. Hata kama kule kazi yako inatumia moja ya kumi ya umeme huo, umehama kutoka maji kwenda makaa.

Sasa weka jenereta kwenye mizani. Umeme ukikatika jumla ya saa 10 kwa wiki na jenereta ikinywa lita 1.5 za dizeli kwa saa, kwa mwaka ni lita 780. Kila lita ya dizeli ikichomwa inatoa takriban kilo 2.7, kwa hiyo unazungumzia tani 2.1. Jenereta peke yake imeishinda seva ya makaa ya mawe ya mwaka mzima.

Hivyo swali la kujiuliza ni hili: seva ikiondoka, jenereta itazimika? Ofisi iliyobaki na laptopu nne na ruta inahitaji wati zisizofika 250, mzigo ambao inveta yenye betri ya lithiamu ya yuniti 2.4 inaubeba kwa saa nane au zaidi. Lakini ukihamisha seva halafu ukaacha jenereta inanguruma kwa ajili ya friji ya soda na taa za nje, faida ya mazingira uliyoandika kwenye ripoti ya mwaka haipo.

Mtoa huduma anasema anatumia umeme safi asilimia 100. Nimwamini?

Mwulize anahesabu vipi. Mara nyingi maana yake ni kwamba kwa mwaka mzima amenunua umeme wa jua na upepo unaolingana na kiasi alichotumia, hata kama kwa saa fulani kituo chako kilikuwa kinaendeshwa na makaa. Google wamefikia ulinganisho huo wa mwaka tangu 2017, na bado ripoti yao yenyewe ya 2024 ilionyesha utoaji wao wa hewa chafu umepanda kwa asilimia 48 ukilinganisha na 2019. Omba takwimu mbili: ile ya mikataba ya ununuzi na ile ya gridi ya mahali kituo kilipo. Ya pili ndiyo ya kutumia ukiwa mkweli. Amazon, Microsoft na Google wote wana ukurasa ndani ya akaunti unaoonyesha kaboni ya mteja. Angalia kwanza unatumia njia ipi ya hesabu kabla hujanakili namba kwenye ripoti yako.

Nichague kituo cha wapi?

Kwa watumiaji walioko Kampala, Gulu au Mbarara, chaguo la kawaida ni nne. Cape Town, ambako Amazon walifungua 2020. Johannesburg, ambako Microsoft wapo tangu 2019 na Google tangu 2024. Ulaya, ambako bei huwa nafuu kuliko Afrika Kusini na baadhi ya vituo, kama vya Stockholm, viko kwenye gridi ya maji na nyuklia. La nne ni hapa nyumbani: Raxio walifungua kituo huko Namanve mwaka 2021, na kuna kampuni za humu nchini zinazokodisha seva ndani ya vituo vya Kampala.

Kwa mfumo wa uhasibu, barua pepe na mafaili, Ulaya inatosha. Mtumiaji hatahisi tofauti kubwa. Kwa mfumo unaopiga hodi kwenye hifadhidata mara mia kwa kila ukurasa, umbali unauma: ucheleweshaji wa milisekunde 150 ukijirudia mara mia ni sekunde 15 za karani kukodolea skrini macho. Pima kabla ya kulipa. Fungua mashine ndogo ya majaribio kwa siku moja katika kila kituo, kisha pima mwendo saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwa laini ileile unayotumia kazini. Usipime kutoka nyumbani.

Kituo cha humu nchini kina faida moja kubwa isiyoonekana kwenye bei. Data ya Kampala kwenda Kampala inaweza kupitia kituo cha kubadilishana mtandao cha UIXP bila kufika baharini kabisa.

Intaneti ikikatika, biashara inasimama?

Usipojipanga, ndiyo. Uganda haina pwani. Intaneti yetu ya nje inapita Kenya au Tanzania hadi kwenye kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Na kuna lile la kila wiki: tingatinga la barabara limekata faiba.

Watu hununua laini mbili wakadhani wamepona, kumbe kampuni zote mbili zimekodi faiba ileile kwenye mtaro uleule. Mwulize muuzaji kwa maandishi: trafiki yenu inatoka kupitia mpaka wa Malaba, Busia au Mutukula? Chukua moja ya faiba na nyingine ya simu kutoka kampuni tofauti, na uwe na ruta inayohama yenyewe laini ya kwanza ikianguka.

Lakini ruta haisaidii intaneti ikizimwa nchi nzima. Hapo dawa ni programu inayoweza kuuza bila mtandao, ikahifadhi kwenye kompyuta ya kaunta na kupeleka baadaye. Ukiwa umesajiliwa VAT, swali la kwanza kwa muuzaji wa programu liwe hili: ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi) zitakuwaje saa ambazo hakuna mtandao? Mwambie akuonyeshe mbele yako. Achomoe waya wa ruta, auze bidhaa tatu, arudishe waya, kisha mhesabu pamoja ankara zilizofika. Akisita, tafuta mwingine.

Na kila jioni orodha ya wateja, madeni na bei ishuke kwenye laptopu moja ya ofisi. Ni faili dogo, na litakuokoa siku tatu.

Bili zinakuja kubwa kuliko tulivyoambiwa. Kwa nini?

Sababu karibu kila mara ni zilezile.

Kwanza, mashine zinalala macho. Wiki ina saa 168. Ofisi inayofanya kazi saa 10 kwa siku sita inahitaji 60. Mashine ya dola 70 kwa mwezi (shilingi 259,000) ikizimwa nje ya saa hizo inashuka hadi dola 25, na umeme nao unapungua kwa kiwango hicho. Hii ndiyo hatua pekee inayookoa fedha na mazingira kwa pamoja bila mjadala, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Weka ratiba ya kuzima na kuwasha. Usitegemee mtu akumbuke. Diski hata hivyo inaendelea kulipiwa mashine ikiwa imezimwa, na mashine ikifutwa diski inaweza kubaki peke yake miezi na miezi. Kagua orodha ya diski zisizofungwa kwenye mashine yoyote kila tarehe moja.

Pili, kutoa data. Kuingiza ni bure kwa kawaida, kutoa kunalipiwa. Kwa Amazon, kutoka vituo vya Marekani na Ulaya, baada ya gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi bei huanzia takriban dola 0.09 kwa gigabaiti. Ukitoa terabaiti mbili umelipa dola 171, yaani shilingi 632,700. Tangu 2024 kampuni tatu kubwa zimeondoa ada hiyo kwa mteja anayehama kabisa, ila lazima uombe kabla hujaanza kupakua.

Tatu, kodi na dola. Kuna VAT ya asilimia 18, na kwenye data ya intaneti kuna ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Unauza kwa shilingi, unalipa kwa dola. Shilingi ikiyumba, bajeti inayumba nayo. Kampuni kubwa za wingu hutoza kadi, si simu, na kadi ikikosa salio tarehe ya bili, huduma husimamishwa na baada ya muda data hufutwa. Weka kadi ya pili kwenye akaunti. Weka pia onyo la bajeti kwenye asilimia 50, 80 na 100, na lifike kwa mwenye fedha, si kwa fundi peke yake.

Sheria ya Uganda inaruhusu data ya wateja kukaa nje?

Inaruhusu kwa masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka nchi inakohifadhiwa data iwe na ulinzi usiopungua ule wa Uganda, au mwenye data awe ameridhia. Kanuni zake ni za 2021, na msimamizi ni Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Unapaswa kujisajili huko na kuhuisha usajili kila mwaka, kuteua mtu wa kusimamia ulinzi wa data, na kutoa taarifa mara moja data ikivuja. Kampuni ikitiwa hatiani, mahakama inaweza kuitoza faini ya hadi asilimia 2 ya mauzo yake ya mwaka.

Kwa vitendo: andika kwenye karatasi moja data gani iko nchi gani na kwa mtoa huduma yupi. Kwenye fomu ya kufungua akaunti ongeza sentensi ya ridhaa inayotaja kuhifadhi nje ya nchi. Sentensi hiyo iwe kwa lugha anayosoma mwanachama. Mkulima aliyetia kidole gumba kwenye aya asiyoielewa hajaridhia kitu.

Mabenki na taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu zina masharti ya ziada. Wasiliana na Benki Kuu kabla ya kuhama.

Tunauza kahawa nje. Wingu linahusikaje na masharti ya Ulaya?

Hapa ndipo tunapoona wingu likileta faida ya wazi kuliko mahali pengine popote, na pia ndipo watu wanapoharibu zaidi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji misitu, namba 2023/1115, inataka kahawa itoke kwenye shamba ambalo halikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali pa shamba pajulikane. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi tayari wanaomba data. Shamba la zaidi ya hekta 4 linahitaji mpaka wake wote. Dogo linatosha nukta moja. Vipimo viwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, na kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Tazama mstari mmoja wa shamba la Masaka: −0.333800, 31.734100. Masaka iko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ni hasi. Karani akiinakili kwa mkono akasahau alama ya kutoa, shamba linaruka kilomita 74 kaskazini, hadi huko kati ya Mubende na Mityana. Akiikata ikawa −0.33, kosa linaweza kufika mamia ya mita, na pale penye hifadhi ya msitu jirani hilo linatosha kukataliwa kwa mzigo. Fomu ya simu inayochukua nukta yenyewe, ikafanya kazi bila mtandao shambani na kupeleka data karani akifika kwenye bohari, inaondoa makosa hayo. Ipange ikatae nukta isiyo ndani ya wilaya iliyoandikwa.

Ukubwa wake usikutishe. Wakulima 10,000 wenye kilobaiti 2 kila mmoja ni megabaiti 20. Kinachovimbisha ni picha: moja ya megabaiti 3 kwa kila mkulima ni gigabaiti 30. Punguza picha kwenye simu hadi kilobaiti 300 kabla ya kupeleka. Bando litapungua mara kumi. Na kumbuka kwamba jina, simu na mahali pa shamba ni data binafsi, kwa hiyo sheria ya swali lililopita inakuhusu.

Data ikiwa kwenye wingu bado nahitaji bakapu?

Ndiyo. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa na bakapu kwenye kituo kilekile walipoteza vyote. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia ulifutiwa mfumo wake kwenye Google Cloud kwa kosa la mpangilio. Ulirudi kwa msaada wa bakapu iliyokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Na usichanganye kusawazisha mafaili na bakapu. Folda inayojisawazisha ukiifuta kwenye laptopu, inafutika kote kwa uaminifu mkubwa. Virusi vikifunga mafaili, nakala zilizofungwa ndizo zinazopelekwa.

Weka nakala tatu: inayotumika, ya pili kwa mtoa huduma mwingine au nchi nyingine, na ya tatu kwenye diski ya nje ofisini, inayochomekwa Ijumaa na kuchomolewa palepale. Kila miezi mitatu rudisha bakapu kwenye kompyuta tupu ukiwa na saa mkononi. Andika ilichukua saa ngapi. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Wezi huingilia wapi?

Mara chache kupitia kituo cha data. Wanaingilia kwako. Akaunti kuu imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi aliyekwishaacha kazi. Nywila moja inajulikana na makarani watano. Namba ya uthibitisho inakuja kwa SMS, mtu akabadilisha simkadi yako kwa udanganyifu, akapokea yeye. Folda ya picha za vitambulisho imeachwa wazi kwa dunia nzima kwa sababu "ilikuwa inagoma kufunguka".

Fungua akaunti kuu kwa anwani ya kampuni, mfano mifumo@ na jina la kikoa chako. Tumia programu ya kuzalisha namba kwenye simu, si SMS. Chapisha namba za dharura, zifungie kwenye kabati la fedha. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, na ifungwe siku anayoondoka, si mwisho wa mwezi.

Kuhama kunachukua muda gani?

Piga hesabu ya laini kwanza. Gigabaiti 500 kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku tisa bila kupumzika. Kwa megabiti 20, siku mbili na theluthi. Muuzaji akikwambia "ni ya 20", mwulize kama ni kupandisha au kushusha.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: barua pepe kwanza, mafaili ya kawaida baadaye, uhasibu mwisho, na kamwe usihamishe uhasibu wiki ya kufunga mwezi au ya kupeleka ritani za URA. Futa takataka kabla ya kupakia. Kwenye seva nyingi za zamani utakuta nakala nne za folda ileile. Endesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa wiki nne, ukilinganisha jumla ya mauzo kila jioni.

Seva ya zamani nifanyeje?

Usiiache kwenye stoo ikiwa imejaa data. Futa diski kwa programu inayoandika juu ya data yote, au itoboe kwa drili. Betri ya UPS ina risasi na asidi. Vipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na udai hati ya makabidhiano.

Kuna kazi zisizofaa kuhamia?

Zipo. Duka la uchapishaji la Nasser Road linalofungua faili la bango la gigabaiti mbili mara kumi kwa siku litakaa linasubiri. Wao waache mafaili kwenye diski ya ndani na kupeleka bakapu usiku. Mizani na mashine za kiwandani zisitegemee intaneti ili ziwake.

Kamera za ulinzi ndizo zinazowatoa watu jasho. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde inazalisha gigabaiti 21.6 kwa siku, na nane ni karibu 173. Rekodi kwenye kisanduku kilicho ofisini, kiwe chumba tofauti na mlango wanaouvunja wezi, na peleka kwenye wingu vipande vyenye mwendo tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.